Mwongozo kamili wa visasili vya Ugiriki ya kale: anza na mgeni aliyebisha hodi

Wengi huanzia mahali pabaya. Mtu akitaka kuvijua visasili vya Wagiriki wa kale, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni orodha: Zeus mungu wa radi, Poseidon mungu wa bahari, Ares mungu wa vita, mpaka watimie 12. Anakariri. Wiki ikipita kichwani wamebaki watatu. Nami nilipitia njia hiyo hiyo, na daftari langu la kwanza lina majina zaidi ya 40 lakini halina hadithi hata moja.

Hapa nafuata njia nyingine. Tunaanza na kanuni zinazoendesha hadithi zenyewe, majina yatakuja yakizifuata. Shika daftari na kalamu ya risasi, maana kuna kuchora na kufuta.

Hatua ya 1: Ijue sheria ya mgeni

Kama umewahi kuisoma Biblia ya Kiswahili, Zeus umeshakutana naye. Yumo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 14, kwa jina la Zeu. Paulo na Barnaba wako Listra, kiwete ameponywa, na watu wanapiga kelele kwamba miungu wamewashukia kwa umbo la wanadamu. Barnaba wanamwita Zeu. Paulo, kwa kuwa ndiye msemaji, wanamwita Herme, yaani Hermes, mjumbe wa miungu. Kuhani wa Zeus anafika na mafahali na mashada ya maua, tayari kuchinja.

Mbona walikimbilia wazo hilo? Pande hizo kulikuwa na kisa cha namna hiyo hiyo, ambacho mshairi wa Kirumi Ovid alikiandika mwanzoni mwa karne ya 1 BK, akasema kilitokea Frigia, jirani kabisa na Listra. Zeus na Hermes walijigeuza wasafiri, wakabisha hodi nyumba elfu moja. Zote zikafungwa makomeo. Kibanda kimoja tu cha nyasi na matete kikafunguliwa, cha bibi Baucis na mumewe Philemon. Meza yao ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Bibi akauwekea kigae chini ili isimame sawa, kisha akaifuta kwa majani ya mnanaa. Wakala, wakanywa, na wazee wakaona divai haipungui chomboni. Kwa hofu wakaamua kumchinja bata bukini wao, waliyekuwa naye mmoja tu. Bata akawatoa jasho, wakamkimbiza mpaka pumzi zikawaishia, naye akaenda kujificha miguuni pa wageni. Hapo ndipo wageni walipojitaja. Majirani wote walimezwa na maji. Kibanda kikawa hekalu.

Sheria hiyo Wagiriki waliiita *xenia*. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wao wangekubali bila ubishi. Tofauti ni kwamba kwao mgeni alilindwa na Zeus mwenyewe, ambaye kwa kazi hiyo aliitwa Zeus Xenios. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mgeni ananawishwa, analishwa, *halafu* ndipo anaulizwa jina na atokako. Akiondoka anapewa zawadi. Naye ana deni: asiibe, asimvunjie mwenyeji heshima, asikae hadi akachusha. Ile methali yetu ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu ingewafaa sana watu wa Ithaca. Nyumba ya mfalme wao Odysseus, aliyekuwa hajarudi kutoka vita vya Troy, ilivamiwa na wachumba 108 waliokuja kumposa mkewe Penelope, wakala mifugo yake zaidi ya miaka 3 bila kushika jembe.

Ukiishika sheria hii umepata ufunguo wa vita vya Troy vyote. Paris, mwana wa mfalme wa Troy, hakumchukua tu mke wa mtu. Alimchukua Helen akiwa mgeni nyumbani kwa Menelaus huko Sparta, baada ya kula chakula chake. Ndiyo maana Wagiriki waliamini Zeus hawezi kuiacha Troy isimame.

Hatua ya 2: Chora ukoo, vizazi vitatu tu

Juu ya ukurasa andika Gaia, ambaye ni dunia, na Uranus, ambaye ni mbingu. Chini yao mwandike Kronos na dada yake Rhea, kisha chini yao watoto sita: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon na Zeus. Ishia hapo kwanza. Ukitaka kuwaweka Watitani wote, yaani Kronos na ndugu zake, siku ya kwanza, karatasi itakushinda.

Sasa pembeni ya kila kizazi andika neno moja: hofu. Uranus aliwachukia watoto wake, akawazuia ndani ya tumbo la dunia. Kronos akamkata uume kwa mundu. Kronos naye aliambiwa atapinduliwa na mwanawe, akawa anameza kila mtoto anapozaliwa. Wa mwisho Rhea alimficha Krete, akampa mumewe jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Akalimeza. Zeus alipokua, Kronos akatapishwa wote, jiwe likitangulia, na Wagiriki walilionyesha jiwe hilo pale Delphi. Habari hizi tunazo kwa Hesiod, mshairi na mkulima wa Boeotia, karibu mwaka 700 KK.

Je, Zeus aliwezaje kuukata mnyororo huo? Aliiga baba yake, ila kwa akili zaidi. Aliposikia mkewe wa kwanza, Metis, atazaa mwana atakayemshinda, alimmeza mama mwenyewe. Athena akatokea kichwani mwa Zeus. Baadaye utabiri kama huo ukaja juu ya Thetis, mungu wa baharini ambaye Zeus na Poseidon wote walimtaka: mwanawe atampita baba yake. Wote wawili wakarudi nyuma haraka, wakamwoza kwa binadamu, Peleus. Mtoto aliyezaliwa ni Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki kwenye vita vya Troy.

Harusi hiyo ichunguze vizuri, maana hapo ndipo ukoo wa miungu unapofungamana na vita. Miungu wote walialikwa isipokuwa Eris, mungu wa ugomvi. Kila aliyewahi kuandaa kamati ya harusi anajua hatari ya mtu aliyeachwa nje ya orodha. Eris alirusha tufaha la dhahabu kwa mrembo kuliko wote. Hera, Athena na Aphrodite wakaligombea, Zeus akakataa kuamua, kazi akapewa Paris. Aphrodite, mungu wa mapenzi, alimwahidi kumpa Helen, naye akashinda. Yaani ile hofu ya kale ya baba kumwogopa mwana ndiyo iliyoleta harusi, na harusi ndiyo iliyoleta vita. Mchoro wako ukionyesha mshale huo kutoka kwa Uranus hadi Troy, umeelewa zaidi ya yule aliyekariri 12.

Hatua ya 3: Wajue miungu kwa ugomvi wao

Wale wakuu 12 wanakaa Olympus, mlima wa kweli kaskazini mwa Ugiriki wenye mita zaidi ya 2,900 (Kilimanjaro ni mara mbili yake). Kwa kawaida wanahesabiwa Zeus, Hera, Poseidon, Demeter, Athena, Apollo, Artemis, Ares, Aphrodite, Hephaestus na Hermes; nafasi ya mwisho ni ya Hestia au Dionysus, kutegemea anayehesabu. Hades hayumo kwa kuwa makao yake ni Kuzimu. Usimfananishe na Shetani. Hashawishi mtu kutenda dhambi, wala yeye si adui wa Zeus. Walipopiga kura, Zeus alipata mbingu, Poseidon bahari, naye akaangukia chini.

Ili wakae kichwani, wapange wawili wawili wanaogombana. Athena na Poseidon waligombea mji: Poseidon aligonga mwamba wa Acropolis, yakatoka maji ya chumvi, Athena akaotesha mzeituni, akapewa mji ukaitwa Athens. Athena na Ares wote ni wa vita, ila Athena ni mpango na Ares ni kelele na damu. Kwenye Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, kitabu cha 5, Athena anausukuma mkuki wa Diomedes, mpiganaji wa Kigiriki, mpaka unamwingia Ares tumboni, naye anapiga ukelele wa watu elfu tisa au kumi. Anakimbilia kwa baba yake kushtaki, na Zeus anamjibu kwamba kati ya miungu wote wa Olympus hakuna anayemchukiza kuliko yeye. Hephaestus fundi chuma alimfumania huyo huyo Ares na Aphrodite, mkewe, akawanasa kitandani kwa wavu mwembamba usioonekana, kisha akaita wenzake waje kuona. Miungu wa kiume walikuja wakacheka; wa kike walibaki majumbani kwa haya.

Hermes, siku aliyozaliwa, aliiba ng'ombe 50 wa Apollo, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye. Demeter, mungu wa mazao, na Hades waligombana kwa sababu ya Persephone, binti wa Demeter, aliyechukuliwa Kuzimu na kulishwa punje ya komamanga. Aliyekula huko lazima arudi, ndiyo maana theluthi moja ya mwaka yuko chini na mashamba hayaoti kitu.

Kiswahili nacho kinakupa msaada wa bure hapa. Majina ya sayari tuliyopokea kutoka Kiarabu yanalingana na nyota ambazo Wagiriki waliwapa miungu wao: Mshtarii ni ya Zeus, Zohali ya Kronos, Mirihi ya Ares, Zuhura ya Aphrodite, Utaridi ya Hermes. Na kile kishada cha nyota tunachokiita Kilimia, kwao ni mabinti saba wa Atlas. Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hesiod anamwambia ndugu yake karibu vivyo hivyo: mabinti wa Atlas wakichomoza, anza kuvuna, wakielekea kuzama, anza kulima, na kabla ya kuchomoza tena hujificha siku 40 usiku na mchana. Wakulima wa pande mbili wakitazama anga moja.

Hatua ya 4: Shika maneno matatu zaidi

*Moira* ni fungu, sehemu uliyokatiwa. Kifo chako kimo humo. Swali ambalo wasomaji hulisumbukia ni kama Zeus anaweza kulibadili. Soma Iliad kitabu cha 16: Sarpedon, mwana wa Zeus kwa mama binadamu, yuko karibu kuuawa na Patroclus, rafiki wa Achilles. Zeus anajiuliza kwa sauti kama amnyanyue amtoe vitani. Hera hamwambii kwamba hawezi. Anamwambia fanya, lakini sisi wengine hatutakusifu, na kila mungu ataanza kumwokoa mwanawe. Zeus ananyamaza, anamwaga chini matone ya damu kwa heshima ya mwanawe, na Sarpedon anakufa. Kwangu mimi hakuna mahali pengine panapoieleza moira vizuri kama hapo.

*Hubris* hutafsiriwa kiburi, na tafsiri hiyo inapunguza. Kwa Wagiriki ilikuwa ni kumdhalilisha mwingine kwa kujiona wewe ni zaidi. Huko Athens ilikuwa hata kosa la kushtakiwa mahakamani. Niobe alijigamba kwamba ana watoto wengi kuliko Leto, mwenye wawili tu. Hao wawili walikuwa Apollo na Artemis, wenye mishale, nao wakawaua watoto wa Niobe.

*Kleos* ni sifa inayoimbwa baada ya wewe kufa. Achilles alipewa kuchagua: maisha mafupi yenye kleos, au marefu yasiyo na jina. Alichagua mafupi. Lakini usiishie hapo kama wafanyavyo wengi. Kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, juu ya safari ya Odysseus kurudi nyumbani, kitabu cha 11, Odysseus anamkuta Kuzimu, anamsifu kwamba hata kwa wafu yeye ni mkubwa. Achilles anamkatiza: afadhali niwe kibarua wa mtu maskini asiye na shamba lake, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Matini hizi mbili ziweke ukurasa mmoja daftarini.

Hatua ya 5: Mashujaa, na pale walipokosea

Neno shujaa lina mtego. Kwetu shujaa ni mtu jasiri wa kuigwa. Kwa Wagiriki *heros* alikuwa mtu wa zamani mwenye nguvu kiasi kwamba hata kaburi lake lilitolewa sadaka. Wema haukuwa sharti. Heracles, mwenye kazi 12, aliwaua watoto wake mwenyewe kwa wazimu ulioletwa na Hera, na baadaye akamuua Iphitus aliyekuwa mgeni nyumbani kwake. Kwa kosa hilo la pili aliuzwa utumwani kwa malkia Omphale.

Kwa hiyo kila shujaa mwandikie mistari miwili: alichoshinda, na alipoharibu. Theseus alimuua Minotaur, zimwi nusu mtu nusu fahali, akasahau kubadili tanga jeusi. Baba yake Aegeus alipoliona akadhani mwana amekufa, akajirusha. Jason alileta ngozi ya dhahabu, akamtelekeza Medea aliyemsaidia kuipata. Oedipus alitegua kitendawili cha zimwi Sphinx, asijue anamwoa mama yake. Perseus alikata kichwa cha Medusa, mwenye nywele za nyoka, kisha akamwokoa Andromeda, binti wa mfalme wa Aithiopia. Aithiopia hiyo ya Wagiriki haikuwa na mipaka ya nchi ya leo. Ni watu weusi waliokaa ukingoni mwa dunia, wacha Mungu kiasi kwamba miungu walisafiri kwenda kula karamu kwao. Odyssey inaanza Poseidon akiwa huko, na hiyo ndiyo nafasi ambayo Athena anaitumia kumtetea Odysseus.

Odysseus mwenyewe nimemweka mwisho kwa sababu kisa chake na Polyphemus kinanoga Kiswahili kuliko lugha nyingi. Anaingia pangoni na wenzake 12, wanakula jibini ya mwenye nyumba kabla hajarudi (tayari wamekosa adabu). Zimwi lenye jicho moja linafika, linafunga pango kwa jiwe, linauliza wao ni nani *kabla* ya kuwalisha, kisha linawala wawili. Odysseus anamnywesha divai na kujitambulisha: jina langu ni Hakuna Mtu. Zimwi linafurahi, linampa zawadi ya ugeni: Hakuna Mtu nitamla wa mwisho. Likisinzia, wanalichoma jicho kwa mti wa mzeituni uliopashwa moto. Majirani wanakuja mbio mlangoni:

"Nani anakuua, Polyphemus?"

"Hakuna Mtu ananiua!"

"Kama hakuna mtu, basi ni ugonjwa. Mwombe baba yako Poseidon." Wakarudi kulala.

Wanatoroka chini ya matumbo ya kondoo. Na hapo, akiwa ameshapona na yuko merikebuni, Odysseus anashindwa kujizuia. Anapaza sauti: aliyekutoboa jicho ni Odysseus, mwana wa Laertes, wa Ithaca. Anataka kleos. Sasa Polyphemus ana jina kamili la kumpelekea Poseidon katika maombi yake, na Odysseus atarudi nyumbani kwa kuchelewa, peke yake, kwenye chombo cha wengine.

Hatua ya 6: Uliza kila mara, nani kasema?

Visasili hivi havina msahafu. Kila mshairi alivikata na kuvishona upya, kwa hiyo ukiona visa viwili vinapingana usidhani umekosea kusoma. Kwenye tamthilia ya Euripides ya mwaka 431 KK, Medea anawaua watoto wake kwa mkono wake. Masimulizi mengine yalisema waliuawa na watu wa Korintho. Kando ya kila kisa daftarini, andika jina la msimulizi na karne yake.

Ukifanya hivyo, mambo kadhaa yanayosemwa mitaani yataanguka yenyewe. Farasi wa mbao aliyewaingiza Wagiriki ndani ya Troy hayumo kwenye Iliad. Inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa mkuu wa Troy, Troy ikiwa bado imesimama. Kisa cha Achilles kuchovywa mtoto kwenye Styx, mto wa Kuzimu, asidhurike isipokuwa kisiginoni, kinakuja kwa mshairi wa Kirumi Statius, karne nyingi baada ya Homer. Na Pandora, mwanamke wa kwanza aliyeyafungulia dunia mabaya yote, hakufungua sanduku. Hesiod anasema *pithos*, kasiki kubwa la udongo la kuwekea nafaka au mafuta. Sanduku lilitokana na msomi Erasmus, aliyeandika kwa Kilatini karne ya 16. Kasiki lina maana zaidi: ni akiba ya nyumba, na ndani yake kilichobaki ni tumaini, chini ya ukingo.

Hatua ya 7: Sasa soma, na ujipime

Anza na Odyssey vitabu vya 9 hadi 12, ndivyo vyepesi. Kisha Iliad kitabu cha 1, 6, 9, 16, 22 na 24, vingine utavirudia. Hesiod aje baada ya hapo, ukiwa na mchoro wako wa ukoo mkononi. Tamthilia ziache za mwisho, kwani waliozitunga walidhani mtazamaji anakijua kisa tayari. Jina gumu lisome kwa sauti, silabi kwa silabi.

Kujipima, chukua Iliad kitabu cha 24, na kila mstari unaogusa xenia, moira au kleos uutie alama. Achilles amemuua Hector na kuiburuta maiti nyuma ya gari la farasi. Usiku, Priam, baba wa Hector, anaingia kambini akiongozwa na Hermes. Anapiga magoti, anaibusu mikono iliyomuulia watoto. Anasema: mkumbuke baba yako, Achilles. Wanalia wote wawili, mmoja akimlilia mwanawe, mwingine baba yake na rafiki yake Patroclus, aliyeuawa na Hector. Kisha Achilles anamchinja kondoo na kumsihi mzee ale, akimwambia kwamba hata Niobe, alipochoka kulia, alikumbuka kula. Wanakula. Priam anatandikiwa kitanda nje, kwenye baraza.

Kabla hajalala Achilles anamuuliza unataka siku ngapi za kumzika, niwazuie watu wangu. Priam anahesabu: siku 9 tutamlilia nyumbani, ya 10 tutamzika, ya 11 tutainua tuta juu yake. Ya 12 tutapigana, ikibidi.